Kikundi Kisichonuka

Jirani Mongia, aliyepakana ukuta na Saloua, anadai simu ya Saloua ilianza kunukia mchuzi wa majani ya mlokhia Jumapili mchana, ilhali Saloua mwenyewe alikuwa amechemsha dengu. Mongia aliuliza dirishani ni nani amepika. Saloua akamwambia ni ujumbe tu wa watu wa kazini umeingia. Mongia akasema basi huyo mpishi kazidisha kitunguu saumu, akarudi kuanika nguo.

Kiwanda alikofanya kazi Saloua kilishona suruali za jinzi hapo mjini Ksar Hellal. Wanawake wa mashine walitaka mahali pa kufarijiana bila wakubwa kusikia. Kwanza walifungua kundi la kawaida la simu, lakini majina yalikuwa wazi, na walichoandika jioni, msimamizi wao Si Ridha, yaani Bwana Ridha, aliwatania nacho asubuhi. Wakajaribu kuonana kwa video. Mama wakwe wakajazana nyuma yao kwenye makochi, mkutano ukaishia kwenye salamu. Ndipo Emna, mjuzi wa simu, akawatafutia programu inayoficha majina. Kila mmoja akapewa jina la ndege.

Majina yalifichika vizuri. Kilichopita ni harufu. Ujumbe wa Korongo ulikuja na dagaa wa kukaanga, wakajua ni Beya, anayekaa nyuma ya soko la samaki. Wa Kasuku ulinukia maziwa ya mtoto. Hakuna aliyelalamika.

"Kasuku, mwanangu, mchuzi unaungua huo," mtu aliandika, na Kasuku akaenda kuzima jiko.

Jumatano, Njiwa aliuliza dawa ya maumivu ya kiwiko. Ujumbe wake ulinukia marashi ya Si Ridha, yale makali ya msonobari, na chini yake vumbi la kitambaa kipya. Njiwa alikuwa Jalila, binti wa mashine ya vifungo. Kitambaa kipya kilikaa stoo tu, na ufunguo wa stoo alikuwa nao Si Ridha.

Habari ya kiwiko haikujibiwa.

"Shoga, siku hizi unaoga marashi ya kiume?" aliandika Korongo.

"Kuna watu ngazi yao ya kupanda cheo iko stoo," akaongeza Kasuku.

Jalila akaandika kwamba anafungiwa mlango humo ndani. Harufu ikazidi, hata mume wa Emna akauliza ni mwanamume gani aliyeingia nyumbani kwake.

Saloua alikuwa kiongozi wa kikundi, akaona ni juu yake kujibu. Aliandika, "Hata mimi." Akayanusa maneno kabla ya kuyatuma. Msonobari. Akayafuta, akafungua madirisha, akanawa mikono kwa sabuni ya zeituni mpaka vidole vikakunjamana.

Asubuhi alipendekeza wahamie programu nyingine. Hakusema kwa nini, wala hakuulizwa. Emna akaleta moja isiyopitisha harufu yoyote, wakaikubali kabla chai haijapoa, hata wale ambao huwa wazito kuamua jambo. Si Ridha alipita katikati ya mashine akasema leo anawapenda, wametulia kama wanafunzi. Wakainamia mishono yao. Jalila peke yake ndiye aliyekuwa ameinua kichwa, akitafuta uso wa kuutazama.

Programu mpya ilikuwa safi. Walizungumza habari za mgongo, za basi linalochelewa, za viatu vinavyofaa kwa kusimama kutwa. Walipeana pole nyingi. Emna alisifiwa kwa chaguo lake.

Wiki iliyofuata, Jalila aliandika kwamba ameambiwa abaki stoo kesho zamu ikiisha.

"Dada zangu, siombi mseme neno. Naomba mmoja tu aje asimame mlangoni. Nani atakuja?"

Programu hiyo huweka jicho dogo kando ya ujumbe kwa kila aliyesoma. La kwanza lilikuwa la Saloua. Mengine yakafuata moja moja, yakajipanga vizuri, mpaka yakatimia yote.