Ndoa ya Sinema ya Kahindi

Wahakiki wa Ulaya waliisifu filamu yetu, na sifa hizo baadaye zikaninyima raha.

Ilikuwa filamu ya uhalifu. Kahindi, kijana wa Kinango aliyeipiga kwa kamera ya kuazima, alitaka kisa cha mwizi wa pikipiki anayeoa msichana wa heshima ili polisi wasimshuku. Mwizi alikuwa Luqman, muuza vipuri wa Kona ya Musa. Msichana wa heshima nilikuwa mimi, Subira, mshonaji wa Kinondo nisiye na cherehani, na anayetaka kucheka acheke. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nampenda Luqman. Yeye hakujua, maana akili yake yote iliishia kwenye plagi na breki.

Kahindi hakuwa na pesa za waigizaji, kwa hivyo baba wa bibi harusi akawa baba yangu mwenyewe, Mzee Ramadhani, na mashahidi wakawa majirani wawili waliokuja kutazama. Majina ya kubuni yalimshinda Baba. Kila kamera ilipowashwa alisema, "Luqman, nimekuoza binti yangu Subira kwa mahari ya cherehani," na Luqman akajibu, "Nimekubali kumuoa." Kahindi alichoka, akaliacha liwe hilohilo. Cherehani nikapewa mimi kuwa ujira. Baba alilia kweli, akatuombea dua ndefu hata betri ikaisha.

Filamu ikapata tuzo huko ng'ambo. Mhakiki mmoja aliandika kwamba zile mbio za pikipiki amezizoea, lakini harusi ya sinema yenye ukweli kama ile hajapata kuiona. Tulifurahi sana. Luqman aliyabandika maneno yale dukani kwake, juu ya mataili.

Kisha mamake akapeleka posa Waa kwa Ustadh Abdulrahim, kumposea Luqman Hanifa, binti wa Ustadh huyo. Nililia wiki nzima, nikamwambia Baba nina ugonjwa wa macho mekundu.

Ustadh alikuwa ameshaitazama filamu ukumbini Ukunda, kama kila mtu aliyesikia habari za tuzo. Aliwakaribisha wajumbe kwa kahawa na halua, akawasikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Na mke wa kwanza mmemwarifu?"

Wajumbe wakacheka. Yeye hakucheka.

"Ndoa haina mzaha," akawaambia. "Walii aliyemuoza ni babake hasa, mashahidi ni watu wazima, mahari imepokewa. Hata Wazungu wameandika kwamba ni ndoa ya kweli, nyinyi Waislamu hamkuona? Amwache huyo kwanza, halafu mje tuzungumze."

Ijumaa baada ya Alasiri wakaja kwetu, Luqman na mjomba wake Waziri. Majirani walikwishaleta viti vyao. Kahindi naye alikuja na kamera, Baba akamwamuru aiache nje na viatu.

"Shikamoo, baba," Luqman akasema.

"Marahaba, mkwe wangu," Baba akajibu, na watu wote wakajifanya hawakusikia.

Mjomba Waziri alikuwa na haraka. "Ni neno moja tu, mwanangu. Liseme mbele ya mashahidi, twende zetu."

Luqman alisimama, akakohoa, akaomba maji, akanywa. "Subira," akaanza, kisha akaomba maji mengine.

"Nimekuacha," Kahindi akamnong'oneza kutoka mlangoni, akidhani amesahau maneno.

"Hebu nyamaza," Luqman akamwambia. "Kwenye filamu nikikosea twarudia. Hili nikishalisema ndio basi." Akanigeukia. "Wewe wataka niliseme?"

Mimi ninayejulikana Kinondo nzima kwa mdomo, niliangalia mkeka.

"Amenyamaza," Mjomba Waziri akasema. "Mwanamke akinyamaza amekubali. Sema, Luqman."

"Sitaki," nikasema, kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa nje. "Nampenda. Nilimpenda kabla ya hiyo kamera."

Baba akaanza kulia tena. Luqman akavuta kiti, akaketi karibu na Baba, akamwambia mjomba wake aende Waa peke yake akamuombe Ustadh radhi.