Waya wa Tatu

Wewe unayesoma hapa huenda umekaa chini ya dari, na hujawahi kuliangalia. Usibishe. Unasikia redio ikitoka huko juu, unasikia bosi akikuita ofisini, unanyanyuka, unaenda. Ukiona duara jeupe lenye vitobo unasema hayo ni mambo ya mafundi. Nakujua vizuri, kwa sababu hata mimi niligeuza uso. Kwa muda wa saa mbili tu, na saa mbili hizo mpaka leo zinanitoa jasho.

Kiwandani kwetu tunashona sare. Mimi ni mkataji vitambaa. Wenzangu wananiita Wakili, maana likitokea la kukera mimi ndiye mwandika barua. Sheria sikusomea, wala umeme. Nimejisomea mwenyewe, hata vile vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi ya mashine.

Mwaka huu meneja alileta fundi wa spika. Zikapachikwa ishirini na nne, kuanzia chumba cha kukatia mpaka chumba cha pasi kule mwisho wa korido. Kisanduku kimoja ofisini, na ndani yake vinaingia vitu vinne: redio, nyimbo za simu ya meneja, maiki ya mapokezi na king'ora cha moto. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzima, mkimya, miwani yake imeungwa kwa waya. Tukamwita Mzee Nyaya.

Watu wa pasi walikoma. Dari lao liko chini, spika iko utosini, na meneja ana nyimbo saba tu. Mdogo wangu wa kike anapiga pasi humo, yeye na wenzake kumi.

"Kaka, kichwa kinataka kupasuka," aliniambia. "Huyo mwimbaji analia tangu Jumatatu. Kwani ameachwa na wangapi?"

Nikaandika barua, wote wakatia sahihi. Tulidai kitufe cha kuzungusha ukutani, wapunguze sauti wenyewe. Meneja akagoma wiki mbili. Tukakomaa, ya tatu akalegea. Fundi alipokipachika, mdogo wangu alikizungusha mpaka sifuri na chumba kizima kikapiga vigelegele. Siku nne nilitembea kifua mbele.

Siku ya tano, asubuhi, Mzee Nyaya alikuwa anakunja ngazi yake aondoke. Akanivuta pembeni.

"Wakili, kile kitufe chenu. Wanakiweka wapi?"

"Sifuri. Wamepumzika, Mzee wangu."

Hakucheka. "Redio, nyimbo, maiki, king'ora, vyote vinafika mle kwa nyaya mbili zilezile, na zote zinapita kwenye kitufe. Ukiziba kimoja umeziba vyote. Panatakiwa waya wa tatu, ili king'ora kikilia kikiruke kitufe. Huo waya haupo."

"Haupo vipi? Wewe si ndiye fundi?"

"Nilimwomba meneja nifungue dari niupitishe. Akasema limeshapakwa rangi, asiliguse mtu. Nimekwambia wewe kwa sababu wewe una mdomo."

Nilimwelewa papo hapo. Maana mimi nina kumbukumbu. Miaka kumi na miwili nyuma, kwenye jengo letu la zamani, kengele ya moto ilikuwa inalia hovyo, mtu akaisokomeza kitambaa. Wiki nzima tulipita chini ya kitambaa kile tukicheka. Siku ilipotakiwa, kengele ilitoa mlio kama nyuki ndani ya chupa. Mama aliyenifundisha kushika mkasi hakutoka.

Nayajua hayo yote, na bado sikwenda chumba cha pasi. Niende nikaseme nini? Kwamba kitufe nilichowapigania ndicho kimewaziba masikio? Niliona aibu. Nitawaambia wakati wa chakula, nikajisemea. Nikarudi mezani kukata mikono ya mashati, na kila nikikata nilitupia jicho dari.

Saa nne king'ora kikalia.

Stoo ya mabaki ya vitambaa ilikuwa inafuka. Tukatoka mbio hadi uani, tukajipanga kwa vyumba. Meneja, saa mkononi, uso umemng'aa: "Dakika tatu! Safi sana!" Mimi nilikuwa natafuta kilemba cha njano cha mdogo wangu. Wakataji wapo. Washonaji wapo. Watia vifungo wapo. Mahali pa watu wa pasi palikuwa patupu.

Sikumwambia mtu. Nilikimbia kurudi ndani, shati mdomoni. King'ora kinapiga kelele korido nzima, kwenye kila chumba, na moshi unatambaa darini kuelekea ule mlango wa mwisho, mlango mzito ambao hufungwa kutwa ili mvuke usiharibu vitambaa. Nikausukuma, ukajifunga nyuma yangu.

Kimya, king'ora hakisikiki. Pasi zinafoka taratibu. Wanawake kumi na mmoja wameinama, wanapiga soga. Mdogo wangu akainua uso. "Wakili! Leo umetuletea barua gani?"

Juu ya kichwa chake palikuwa peupe, kama siku zote, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa mle ndani mvuke ni jambo la kila siku. Lakini weupe ule ulikuwa unatoka kwenye vitobo vya spika.

Nilimkamata mkono, nikamvuta, nikawapungia wengine kama bubu. Walinielewa machoni.

Walitoka wote. Mmoja, aliye mkubwa kuliko wote, anakohoa mpaka leo. Moto ulizimwa. Meneja akasema, "Si mko wazima? Basi." Dari halijafunguliwa. Nimeandika barua nne na zote zimekaliwa. Kama mmoja angekufa, pengine dari lingefunguliwa siku ileile, ndivyo wanavyotupima.

Kitufe nilikivunja kwa mikono yangu kikiwa juu kabisa, kisirudi chini tena. Sasa nyimbo saba zinanguruma kutwa, na mdogo wangu haongei nami. Jana nilipita pale nikamwita jina lake mara tatu. Hakugeuka. Amejitia vipande vya kitambaa masikioni. Wote kumi na mmoja wamejitia.

Kwa hiyo wewe, inua macho sasa hivi. Kama kuna kitufe ukutani kwako, kizungushe mpaka sifuri, kisha dai king'ora kipigwe, leo, wewe ukiwa umesimama palepale chini ya spika. Wakikataa, usikae. Kikipigwa na wewe husikii kitu, toka, na utoke na wenzako, na asirudi mtu kazini mpaka dari lifunguliwe.