Jina la Mtoto wa Tatu

Kwetu Wanande mtoto hatafutiwi jina. Jina humsubiri kabla hajazaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, na kuendelea. Niambie jina la binti yako, nami nitakuambia dada wangapi wamemtangulia. Akifa mmoja, nafasi yake haichukuliwi na anayemfuata. Aliyekufa hubaki kuhesabiwa. Ndugu zetu Wakonzo, ambao mpaka wa wazungu uliwaacha upande wa Uganda, nao ni hivyohivyo. Nayasema haya mapema kwa sababu watu hunikatiza katikati ya habari na kuniuliza, na mimi sipendi kukatizwa.

Mimi ni Bibiane. Niliishi Nsambya, Kampala, miaka kumi na mitatu. Tulikimbia vita Kongo mwaka wa sitini na nne, mume wangu Katembo akapata kazi ya uashi reli, tukapewa chumba katika kota.

Kota zile Mwingereza alizijenga kwa akili zake mwenyewe. Waacholi aliwaona warefu, akawavalisha sare za polisi. Wajaluo akawapa reli. Kila mtumishi chumba kimoja, mlango mmoja, kwa kuwa mtumishi hakutarajiwa kuwa na mke, sembuse watoto. Akapaka namba ukutani, akaenda zake. Sisi Wakongo hakutupangia kitu, tulijipenyeza wenyewe. Basi watu waliokusanywa pale kama kuni za misitu tofauti wakaanza kuzaa, kupikiana, kugombana, na lugha ya ugomvi ikawa Kiswahili, maana ukimtukana mtu kwa lugha asiyoijua umepoteza pumzi yako bure. Watoto wetu walikulia humo. Binti zangu walikula malakwang, mboga chachu ya Waacholi, kwa karanga, na wa Waacholi walikula sombe yangu ya majani ya muhogo mpaka wakalamba sufuria.

Kati ya kota za polisi na kota za reli kulikuwa na bomba moja la maji, na bomba hilo ndilo lililokuwa kijiji chetu. Desturi zake hazikutoka kwa kabila la mtu yeyote, tulizibuni pale pale. Mojawapo ilikuwa hii: mtu akifiwa, wanawake wa bomba humchotea maji siku saba. Unatua debe mlangoni pake, unaondoka bila kusema neno.

Hapo bombani nilimpata Anena. Alikuwa mke wa Ongom, koplo wa polisi, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kuwashtua kuku. Alipojifungua binti yake Laker, mwaka wa sitini na nane, gari la hospitali lilichelewa, nikamzalisha mimi kwa mikono hii. Tangu siku hiyo tukawa ndugu. Yeye peke yake pale kota nilimsimulia habari ya binti yangu wa tatu, niliyemzika kando ya njia tukikimbia, ana miezi mitano, nikalifukia kaburi kwa mawe kwa sababu hatukuwa na jembe. Nilimsimulia mara moja. Jina lake nililitaja siku hiyo, na baada ya hapo sikulitaja tena. Hata Katembo hakulitaja. Binti zangu wakubwa, Masika na Biira, walijua kwamba kutoka wa pili tunaruka kimya.

Mwaka wa sabini na saba, mwezi wa pili, watu wa serikali ya kijeshi wakaanza tena kuwaokota Waacholi na Walango. Ongom alikwenda gwaride asubuhi na hakurudi. Watu walimwona akiingizwa kwenye buti la gari na vijana wenye miwani ya jua, na waliomwona wakakana macho yao. Anena alikaa mlangoni na debe tupu. Hakuna aliyemchotea. Wanawake wa bomba hawakuwa wabaya, nawatetea ingawa nina hasira nao mpaka leo. Kumchotea maji ilikuwa kusema Ongom amekufa, na kusema amekufa ilikuwa kusema umemjua aliyemuua.

Siku ya nne nikachukua debe langu, nikajaza, nikalitua mlangoni pake. Alinitazama, kisha akavunja desturi, akasema.

"Mama Masika, wewe nakwenda Kasindi lini?"

Kila mwezi nilipeleka kule mpakani sufuria za mtaa wa Katwe, zile wanazofua mafundi kwa nyundo. Madereva wa lori walinijua. Nilimwambia ningekwenda baada ya wiki moja na siku kadhaa.

"Chukua mtoto yangu. Hawa watu nauliza sasa mpaka watoto. Sema ni ya kwako."

"Na weye?"

"Mimi natafuta kadi ya mtu ingine. Nakaa nyuma ya lori, kama hapana jua nyinyi. Tukifika, tumefika. Nikikamatwa, wewe hapana jua mimi. Laker pia hapana jua mimi. Fundisha yeye."

Nikamfundisha. Mtoto wa miaka tisa, namfundisha kumkana mama yake. Nilimketisha baina ya Masika na Biira, nikamuuliza jina, baba, kijiji. Kiswahili chetu cha Kongo alikuwa nacho tayari, alikiokota bombani pamoja na chawa wa binti zangu. Akanijibu bila kukosea, akataka kujua kama kuna zawadi.

Nilimwita Mbambu, jina la binti wa nne. Anena, aliyekuwa akimsuka nywele kwa mtindo wetu, akasimamisha mikono.

"Kwa nini wewe naruka? Patia yeye ile ya tatu. Si nafasi iko wazi?"

Nikapandwa na hasira. "Iyo nafasi haiko wazi! Iko na mwenyewe."

Akarudi kusuka. Baadaye akanigusa bega, akasema, "Samahani, dada. Mbambu ni nzuri." Niliogopa, huo ndio ukweli. Niliogopa kwamba jina la marehemu lingemvuta mtoto wa watu, na niliogopa kulisikia likiitwa uani, na mtu akaitika. Kwa hesabu za kwetu sikukosea. Anayekuja baada ya wa tatu ni wa nne, hata kama wa tatu yuko chini ya mawe.

Tulipanda lori Katwe asubuhi, jua limeshatoka. Sufuria zilikuwa zimepangwa moja ndani ya nyingine mpaka juu, na abiria tukakaa penye nafasi. Mimi na binti watatu tulikaa mbele, nyuma ya kichwa cha lori. Anena alipanda mwisho, amejifunga kitenge changu cha bluu, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango wa lori. Hakututazama. Laker naye hakumtazama. Nilijivunia jinsi nilivyomfundisha.

Kizuizi kilikuwa Busega, pale barabara inapotoka mjini. Mnyororo umevuka njia, wanajeshi wanne wamekaa kivulini na bunduki magotini, na polisi mmoja mtu mzima, mwenye mvi kwenye masharubu, ndiye aliyepanda kukagua. Alianzia nyuma. Nilimsikia akimwomba Anena kadi. Nikahesabu sufuria, sikumaliza kumi. Akaitazama kadi, akamtazama mwenyewe, akamrudishia. Akasogea kwa mwingine.

Nalirudia ili lieleweke. Alimrudishia kadi. Anena alikuwa amepita.

Akatufikia sisi. "Mama, hawa ni watoto yako?"

"Ni bangu."

"Majina?"

"Masika, Biira, na huyu mudogo Mbambu."

Uso wake ukabadilika. Sasa najua ulibadilika kwa furaha, lakini siku hiyo niliona umebadilika tu. Alikuwa Mkonzo wa Bwera. Angeweza kunisalimia kwa lugha yetu, ila pale kizuizini kusema lugha ambayo wanajeshi hawaielewi lilikuwa kosa. Kwa hiyo aliniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mtu akasikia.

"Masika, Biira, Mbambu. Eh! Na Kabugho iko wapi?"

Miaka kumi na mitatu hakuna mtu aliyekuwa amenitajia binti yangu kwa jina hilo. Nilikuwa na jibu la kila swali, la kijiji, la shule, la baba, hata la chanjo ya ndui. Jibu la hilo lilikuwa fupi kuliko yote, na lilikuwa kweli tupu, halikuhitaji hata kufundishwa. Amekufa. Mtoto mdogo angelisema. Mdomo wangu ulifunguka na hakikutoka kitu. Niliyaona yale mawe. Niliona mkono wangu ukiyapanga.

Yule polisi akasubiri. Mwanajeshi mmoja akainuka kivulini, akauliza, "Nini huko?" Masika akanifinya. Nami bado nimeachama kama samaki.

Nyuma ya lori Anena alikuwa akiniona. Yeye alijua kwa nini siwezi kusema, yeye pekee kati ya watu wazima wa lori lile. Na alijua kwamba polisi hajui. Akaona mwanajeshi anakuja na bunduki, akamwona mwanawe kati ya binti zangu na mimi nimenyamaza, akafanya hesabu ya mama.

Akasimama wima, sufuria zikaanguka.

"Afande! Wacha hao watoto. Mimi ni Mwacholi. Mimi bibi ya koplo Ongom wa Nsambya. Kadi hii si yangu. Mnatafuta mimi."

Walimteremsha kwa kitenge changu, kikafunguka, akabaki na gauni la ndani. Hakupiga kelele. Mwanajeshi akapanda gurudumu, akatuzungushia bunduki wote.

"Nani najua huyu mwanamke?"

Akamwelekea Laker, maana alikuwa mdogo na wadogo husema kweli. "Wewe! Najua yeye?"

Laker alimtazama mama yake pale chini, amesimama kwenye vumbi, amekumbatia mikono yake. Akasema, "Hapana. Hatumujue."

Alisema vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Anena akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali bei. Wakampeleka nyuma ya kile kibanda chao, kulikokuwa na gari.

Polisi alikuwa bado amesimama mbele yangu. Wanajeshi walipokwenda na Anena aliinama kana kwamba anakagua mzigo, akanong'ona kwa lugha yetu.

"Mama, nilikuwa nakuuliza tu. Kama mtu anavyouliza nyumbani. Mwaka mzima sijasikia majina yale." Akageuza sufuria moja. "Wa kwetu wa tatu pia alikufa. Nilitaka kukupa pole."

Kisha akashuka, akaangusha mnyororo, akampungia dereva mkono aende.

Tulikwenda mwendo mrefu. Abiria wengine walitugeuzia migongo, kila mmoja akiwa na woga wake. Sufuria ziligongana kila kwenye shimo, na kile kitenge cha bluu kilikuwa kimenaswa kwenye komeo la mlango, kinapepea nje. Hakuna aliyekwenda kukichukua. Binti zangu walikuwa wakilia chini kwa chini. Laker hakulia. Alikuwa na swali, na nililiona likimjia usoni.

Tulipovuka mto akanivuta mkono.

"Mama Masika, Kabugho ni nani?"

"Ni mutoto yangu," nikasema. "Alikufa."

Lilitoka hivyohivyo, bila shida yoyote. Nilijisikia nikilisema. Angekuwa karibu ningemshika yule polisi kwa shati na kumwambia mara mia: alikufa, alikufa, alikufa, na huyu ni Mbambu, tupishe. Lakini Busega ilikuwa nyuma sana.

Laker akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri, alichukua hilo kwa baba yake.

"Sasa mbona hukumwambia?"

Nikamvuta kifuani ili asinione. Hakukataa, lakini mwili wake ulikuwa mgumu, na aliendelea kusubiri.

Kasindi tulifika salama. Nilimchotea Laker maji siku saba, nikimtulia debe mlangoni bila kusema neno, kama ilivyo desturi ya bomba, ingawa bomba lenyewe lilikuwa mbali na majirani wa pale hawakuielewa. Yeye aliielewa. Siku ya nane alichukua debe mwenyewe, akaenda mtoni na Biira. Mama yake hatukumpata, wala baba yake, hata baada ya serikali ile kuanguka na mimi kurudi Nsambya kuuliza mlango kwa mlango.

Sasa Laker ni mwanamke mzima, yuko Butembo, watu wanamwita Mbambu na anaitika. Ananiletea sabuni na sukari, ananiita mama. Swali lile hakulirudia tena, na mimi sijalijibu.