Sauti Mpya Nyumbani kwa Katekista

Mimi kwa watu sina subira kabisa, ila mashine nazivumilia. Ndiyo maana natengeneza kompyuta pale Mbinga mjini badala ya kuuza vitenge kama mama yangu. Mwalimu Gertruda aliponipigia simu kutoka kijijini Ukata, akitaka nimwekee kompyuta inayosema, nilimwitikia kabla hajamaliza kueleza.

Mwalimu alipofuka kwa presha ya macho akiwa bado anafundisha. Tangu hapo anajibu maswali ya wasikilizaji wa redio: ndoa, watoto, mawifi. Maswali yanaingia kwa barua pepe. Mumewe Florian, katekista wa kigango, anamsomea, Mwalimu anatamka jibu, Florian anachapa. Kutwa nzima wako hivyo, na shamba lao la mteremkoni limegeuka pori.

Nilifika kwa bodaboda, laptop kuukuu na spika yake ndogo mgongoni.

“Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Baba.”

“Marahaba, mwanangu Kauthar! Karibu, kaa,” alisema Mwalimu.

Florian aliitikia huku akiikodolea macho laptop kama mkwe asiyemtaka.

Laptop yenyewe ilikuwa mzee. Mapambo ya kompyuta za kisasa yangeizimisha, kwa hiyo niliiachia skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Asiyeona picha za nini? Kazi ilihitaji programu mbili, moja ya kusoma kilichoandikwa kwenye skrini na nyingine ya kukigeuza kiwe sauti. Niliziweka zote mbili, nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, nikaanza kuitukana kimoyomoyo. Kumbe kati ya hizo mbili inatakiwa ya tatu, ya kuzikutanisha, nami sikuiwasha. Nilikuwa nimeleta bibi na bwana nikamsahau mshenga.

Nilipoiwasha, sauti ya kiume ikatoka, imebana pua, inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Mwalimu alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Nikabadilisha lugha. Kisha nikamshika vidole na kumwonyesha vitufe vya namba upande wa kulia: hiki kinasoma mstari ulipo, hiki cha juu yake, hiki cha chini. Alivishika upesi kuliko nilivyotarajia. Akafungua swali la kwanza mwenyewe.

“Mume wangu anapanda kitandani na soksi zinazonuka,” sauti ikasoma bila haya, “na tangu mavuno hajanigusa. Nifanye nini?”

Florian akapaliwa na chai.

“Florian,” Mwalimu akasema polepole, “huyu si yule mama wa Liuli? Wewe uliniambia anauliza habari za usafi wa nyumbani.”

“Sasa soksi si usafi?”

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Mwalimu naye alikuwa hoi. Florian peke yake hakucheka. Tulipokaa kula ugali na maharage alimega matonge machache, akanawa, akaingia ndani.

Tuliporudi kwenye mashine, kimya. Mwalimu alibonyeza kila kitufe nilichomfundisha, uso ukaanza kumshuka. “Imekufa?” aliuliza. Nilizima, nikawasha, nikakagua yule mshenga, yupo. Jasho likanitoka. Mwishowe nikapapasa spika na kukuta kile kidude cha kuongeza sauti kimezungushwa mpaka chini kabisa. Hakikujizungusha. Nilikasirika, na hata heshima ya mtu mzima ikanitoka.

“Baba, nani kaishika spika hii?”

“Mimi,” alisema Florian. Alikuwa amesimama mlangoni, na hakuniangalia, alimwangalia mkewe. “Gertruda, nimekusomea mpaka koo limekauka. Kama nilikosea kuruka yale maneno ya aibu, ungeniambia tu, ningesoma. Kuniletea mtu mwingine ndani ya nyumba yangu, hapana. Kama umenichoka sema.”

Hasira yangu yote iliisha, nikatamani niwe dukani kwangu.

“Wewe nani kakwambia nimekuchoka?” Mwalimu aliuliza. “Juzi nilisikia watu wakipita na nyimbo kwenda shambani kwa jirani Tarsisi. Ngokela. Wewe ulikuwa unanisomea, ukanyamaza katikati ya sentensi mpaka wakapotea.”

Hata mimi mtoto wa duka naijua ngokela. Msimu huu wa ngoro, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, Wamatengo wanalimiana kwa zamu: wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga miraba, wanawake wanachimba na kuzifukia. Leo kwako, kesho kwangu. Usipokwenda kwa wenzio, kwako haji mtu. Florian alikuwa haendi tangu mkewe apofuke, na shamba lake hakuna aliyelikanyaga.

“Macho yako nimeyaazima muda mrefu, Florian,” Mwalimu alisema. “Sikuomba mashine nikufukuze. Nimeiomba nikurudishie.”

Florian alishika mwimo wa mlango. Nilijifanya nakunja waya.

“Sasa niyapeleke wapi?” aliuliza mwishowe.

“Kwa Nazari. Kesho zamu ni yake. Nimeshamwambia unakwenda.”

“Nitakwenda na nini? Fyekeo lilivunjika mpini siku nyingi.”

“Kaangalie stoo, nyuma ya mlango.”

Alikwenda. Tulisikia mlango wa stoo ukilia. Aliporudi alikuwa amelikumbatia fyekeo kifuani, mpini mpya mweupe, umelainishwa hata mafundo ya mti hayaonekani.

“Huu kautia nani?”

“Mimi,” alisema Mwalimu. “Kila ulipokwenda kanisani. Nimejikata mara mbili, usiniulize.”