Fulana za Rangi Moja Moja

Wazazi wenye watoto wanaofanya kazi za mikono nyumbani, wawe wanachora, wanashona au wanachonga, someni haya mpaka mwisho. Yalimkuta mama mmoja ambaye hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa macho kutwa nzima. Ila macho yote aliyakodoa upande mmoja.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani. Bintiye, mtoto wake wa pekee, alikuwa mchoraji wa fulana. Chumba cha nyuma walichokuwa wakirundika vitu vibovu walikisafisha, wakapigilia kamba za kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta, kikawa karakana. Binti alichora vitu vya zamani: simu za kuzungusha kwa kidole, baiskeli za taa kubwa, feni za chuma. Rangi alizipausha makusudi, zikawa kama za kalenda iliyosahauliwa ukutani miaka ishirini. Picha aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya kuku anayeatamia redio ya mbao, nyuma yake miale ya jua. Uso wa kuku ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari na haamini neno hata moja. Picha hiyo ilimchukua miezi mitatu.

Na picha hiyo ndiyo iliyobeba kila kitu. Palikuwa na maonyesho ya mafundi wanaojitegemea. Kila fundi alete picha moja mpya, isiyopata kuonekana popote, na atakayepita apewe kibanda cha kuuzia mwaka mzima. Binti alishajaribu mara mbili akakosa.

"Mama," alisema, "nikikosa na safari hii, naenda kuajiriwa kule duka la vioo. Sitaki tena kuitwa mchoraji na watu wasionunua."

Mama alimjua mwanawe. Akisema kitu kwa sauti ya chini, amekusudia.

Sasa kazi yenyewe iko hivi. Fulana ya rangi nne ina fremu nne, kila moja imewambwa kitambaa chembamba cha wavu. Fremu moja inapitisha manjano peke yake, nyingine nyekundu, nyingine kijani, na ya mwisho nyeusi, ndiyo yenye mistari yote. Kabla ya kuzipandanisha rangi juu ya fulana nzuri, binti huijaribu kila fremu peke yake juu ya fulana mbovu, yenye tundu au mshono uliopinda, aone kama wino unapita sawa. Fulana hizo za rangi moja moja hazina sura. Hii ina mabaka ya manjano tu, ile ina madoa mekundu. Zikishakauka hutupwa kwenye beseni la matambara kando ya mlango, zingoje kufutia wino. Nani angezijali?

Ndipo akaja yule mgeni. Alikuja saa nne asubuhi, akanunua fulana ya baiskeli, akasifu mpaka masifu yakapitiliza. Alikuwa na viatu vyeupe pe, na tangu siku hiyo mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi nao na kushona vifungo, hakumwita jina jingine ila Viatu Vyeupe.

"Dada, mkwe wako kaondoka," alisema.

"Mkwe wa nani? Huna kazi wewe?"

"Mtu gani anavaa viatu vyeupe kwenye vumbi hili kama hajaja kuposa?"

Mama hakucheka. Alishaona namna yule kijana alivyokuwa akichungulia karakana kila binti alipogeuka. Alishasikia alivyouliza kwa upole: picha moja ina fremu ngapi, rangi ipi inatangulia, wino unakauka kwa muda gani. Na binti akawa anaeleza huku uso umemchangamka. Moyoni mama akasema, mwanamume anayeuliza kazi ya mwanamke kwa upole namna hii ana lake jambo. Na kweli alikuwa nalo. Mama hakukosea hapo.

Mgeni alirudi baada ya siku tatu. Safari hii alisema ana gereji na anahitaji matambara, na juzi aliona beseni limejaa.

"Shikamoo, mama. Binti yupo?"

"Marahaba. Ana kazi. Shida yako niambie mimi."

Mama akatoka na lile beseni mwenyewe, akaliweka kizingitini, yeye akasimama nyuma yake mikono kiunoni. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: huyu anatafuta kisingizio cha kuingia. Nikimpa anachosema anataka, kisingizio kitakwisha. Kijana akachuchumaa, akachambua fulana moja moja kama mtu anayechagua mchele.

"Hizi zilizokwisha kufutiwa wino hapana, mama. Naomba hizi safi."

"Tambara safi la nini gereji?"

"Magari ya wateja wangu ni ya watu wakubwa. Wino ukigusa bodi, nimekwisha."

Mama alimtazama vidole. Kucha zilikuwa safi kama za mwalimu, hazina hata harufu ya oili. Kilimgusa kitu moyoni, lakini akakitafsiri alivyozoea: ameoga kwa ajili ya mwanangu. Kijana akaondoka na fulana mbili, yenye manjano na yenye nyekundu.

"Kachukua matambara mawili tu?" mdogo mtu aliuliza, sindano mdomoni. "Gereji gani hiyo, ya baiskeli za watoto?"

"Hajaja kuchukua matambara."

"Ndiyo nakwambia. Anza kuandaa sherehe."

Mara ya tatu kijana alikuja wakati binti ameenda kununua wino. Mama alimwona kwa mbali akakaa vizuri kwenye kiti chake cha mlangoni. Safari hii kijana hakuuliza kama binti yupo. Aliangalia beseni, akalikuta tupu.

"Mama, ya kijani hamkubaki nayo? Na ile ya mistari myeusi?"

Hapo, msomaji, wewe na mimi tungeshtuka. Mwenye gereji na rangi ya tambara wapi na wapi? Lakini mama alikwisha shona gauni lake kichwani na hakutaka kulifumua. Aliona mtu anayevuta muda mpaka binti arudi. Akaingia karakana haraka, akakuta zote mbili zimening'inia kambani, wino umekauka juzi tu. Akazikunja, akamkabidhi.

"Haya, baba. Zimekwisha. Usijisumbue tena kuja hapa."

"Ahsante sana, mama. Sitakusumbua."

Na hakuja tena. Mama alimsimulia mdogo wake jinsi alivyomfukuza mtu kwa adabu bila hata kugombana.

"Hata kumuaga mchumba hakumuaga?" mdogo wake aliuliza. Kisha akaacha kushona kidogo. "Ajabu."

Jioni binti aliuliza, "Mama, umeona fulana ya mistari niliyoanika? Nilitaka kuangalia jicho la kuku."

"Tambara lile? Nimelipigia deki."

Aliongopa hivyo, wino na sabuni vikiwa mezani baina yao. Hakutaka jina la yule mtu litajwe ndani ya nyumba, hata lile la kupachikwa.

Wiki tatu zikapita. Siku ya kuandikisha picha za maonyesho mama alimsindikiza mwanawe hadi ukumbini, wakasimama kwenye foleni na fulana ya kuku imekunjwa ndani ya karatasi nyeupe. Msimamizi, mama wa makamo aliyechomeka kalamu kwenye nywele, aliikunjua fulana mezani. Akaitazama. Akamtazama binti. Kisha akafungua mkoba wake mwenyewe chini ya meza, akatoa fulana nyingine, akailaza kando ya ile ya kwanza. Kuku yuleyule. Redio ileile, miale ileile.

"Hii nimeinunua juzi duka la karibu na stendi," alisema. "Zimening'inizwa kama vitenge. Sasa mwanangu, ama umemwiga mtu, ama umeuza picha kule kisha umetuletea sisi makombo. Lipi?"

"Hakuna," binti alisema. "Fremu zangu hazijatoka nyumbani hata siku moja."

"Hahitaji fremu. Mtu akipata kila rangi peke yake kwenye kitambaa, anaipiga picha na kutengeneza fremu zake kwa siku mbili. Kazi ngumu ni kuzitenganisha rangi. Nani mwingine anazo zimetenganishwa?"

Mama alizihesabu kimoyomoyo. Manjano, nyekundu, kijani, nyeusi. Alizitoa kwa mkono wake, mbili za mwisho hata akazikunja vizuri. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mle ukumbini aliyejua, na kwa binti fulana ile ilishapigiwa deki. Lakini watu kwenye foleni walishaanza kumtazama mwanawe kama mwizi.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpa mtu matambara. Nilidhani anamtaka binti yangu."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajizuia. Msimamizi hakucheka.

"Nakuamini, mama. Hauko peke yako, wapo watu wanaozunguka kwenye nyumba za mafundi kwa kazi hiyo tu. Ila picha imeshaonekana, siwezi kuipokea. Orodha inafungwa Alhamisi. Alete nyingine."

Siku sita, kwa mtu aliyechora kuku mmoja miezi mitatu.

Nyumbani binti alitandika karatasi mpya mezani. Mama akavuta kiti chake kukiweka mlangoni kama kawaida.

"Acha, mama. Leo usilinde." Hakuinua uso. "Nilipokuuliza fulana ya mistari, kwa nini ulinidanganya?"

"Niliogopa utampenda."

"Ningempenda ningekwambia. Ungeniambia kaja kuomba fulana ya kijani, ningejua siku hiyohiyo anataka nini. Ningekimbia kuionyesha picha kwa wasimamizi kabla yake."

Mama akakirudisha kiti kwenye cherehani.

Picha ya siku sita ilikataliwa. Haikuwa mbaya, ila ilionekana imeharakishwa. Mwezi uliofuata binti alianza kazi duka la vioo, na karakana sasa hufunguliwa Jumapili. Fulana za majaribio anazikata vipande mwenyewe kabla hata hazijakauka.

Nanyi mnaosoma, kateni zenu. Na mgeni akija, mwambieni mwenye kazi kwamba amekuja, hata kama mnamshuku kwa jambo lingine kabisa. Mwenye kazi ndiye anayejua kinachoibika.

Jumapili iliyopita mtu alibisha hodi. Mama akainuka, lakini binti alishampita.

"Kaa tu, mama. Naenda mimi."

Alirudishia mlango nyuma yake. Mama akabaki kwenye cherehani, akasikia sauti ya mwanamume ambayo hakuitambua, kisha mwanawe akajibu, kisha wote wawili wakacheka kidogo. Aliondoa mguu kwenye kanyagio ili cherehani inyamaze. Hata hivyo hakusikia wanachosema.