Puja ya Kompyuta Kuukuu

Mwalimu Mkuu Kunjiraman si mtu mbaya, ila anaamini kwamba cha bure hakikosi mdudu. Kwa hiyo Raziya wa darasa la tisa, mwenye ulimi wa pilipili, alipomweleza kwamba kompyuta zetu kuukuu zinafufuka zikiwekewa mfumo endeshi huru, alicheka hadi miwani ikamtoka.

"Vya bure vina gharama yake, binti."

"Sijasema bure, Mwalimu. Nimesema huru. Mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kumgawia mwenzake."

"Yeyote? Hata wewe?"

"Hata mimi. Kwani mimi nina nini?"

Akamtimua ofisini. Alikwisha kukubaliana na Jobin, wakala wa kompyuta mjini, alete mashine mpya zenye mfumo wa kulipia kila mwaka, na za zamani zibebwe na lori la vyuma chakavu. Mimi ndiye mwalimu wa chumba kile, na roho iliniuma. Bila yeye kujua, watoto walikuwa wameshazifufua kwa mikono yao. Kwenye hizo mpya wasingeruhusiwa hata kubadili neno.

"Lori linakuja lini, Mwalimu?" Raziya akaniuliza.

"Jumanne."

Akacheka peke yake. "Jumanne si puja?"

Puja ni ibada. Kwetu Kerala, kusini mwa India, sikukuu ya Navaratri ya siku tisa ikifika mwisho, kila mtu humkabidhi Saraswati, mungu wa kike wa elimu, zana zake: mwanafunzi vitabu, seremala randa, mshonaji cherehani. Zikishakabidhiwa haziguswi mpaka asubuhi ya Vijayadashami, siku ya kumi. Siku hizo watoto huwa wacha Mungu kupita kiasi, maana kusoma ni mwiko.

Raziya, Mwislamu mwenye swala tano, akaenda kwa Mwalimu Mkuu kwa unyenyekevu wa kutisha. "Mwalimu, kompyuta si zana za elimu? Au Saraswati anapokea madaftari tu?"

Mzee wa watu akaguswa. Akaja mwenyewe, akaipaka kila mashine sandali, rojo la mti wa kunukia, kwa kidole chake na kuivisha maua. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeuma kitambaa cha sari nisicheke.

Jumanne lori likaja. Wapakizi walipoona sandali wakarudi kinyumenyume.

"Bebeni, mnaogopa nini?" Jobin akafoka.

"Beba wewe," mmoja akamjibu. "Mimi nina watoto wanaofanya mtihani mwaka huu."

Mwalimu Mkuu akatokea mlangoni, mikono kiunoni. "Jobin, una wazimu? Rudi puja ikiisha."

Asubuhi ya Vijayadashami vitoto vya chekechea vilishikwa vidole kuandika herufi za kwanza kwenye mchele; ndivyo kwetu mtoto anavyoanza shule. Zana nazo hufunguliwa na aliyezikabidhi, naye lazima azitumie kabla ya mwingine. Raziya akamvutia Mwalimu Mkuu kiti mbele ya kompyuta. Ikawaka, ikaandika kwa Kimalayalam, lugha yetu, ile salamu ya nyumbani: *Umekula wali?*

"Bado," akajibu Mwalimu Mkuu, kisha akashtuka. Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Nani kaifundisha adabu hii?"

"Sisi. Ilikuwa inasema 'Karibu' kavu kavu, tukaona haikulelewa."

"Na wenye mfumo wamekubali?"

"Wenyewe ni sisi, Mwalimu. Na wewe pia."

Mzee akayasoma tena yale maneno kwenye skrini. Nilimwonea huruma, na nilimpenda. Raziya akamshika kidole cha shahada, akakiweka kwenye kibodi.

"Haya, andika, mwanangu."

Akaanza kuandika salamu ya Mungu, ile wanayoanzia watoto, herufi moja moja, ncha ya ulimi nje. Honi ikalia uani. Jobin akachungulia dirishani.

"Mwalimu Mkuu, puja imeisha. Tupakie?"

Mzee akataka kugeuka.

"Macho kwenye kazi!" Raziya akamkemea.

Akarudisha macho upesi. "Jobin," akasema bila kumtazama, "nenda na lori lako. Mimi ndio kwanza nimeanza shule."