Lori Lililofunga Stesheni

Stesheni ilipofungwa, watu walilaumu wakubwa wa reli. Hakuna aliyemlaumu Matairi, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

Matairi alikuwa mdogo wake stesheni masta. Kaka huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, katika nyumba ya matofali iliyopakana na chumba cha tiketi. Alipopata lori, Matairi alilipaki mbele ya stesheni kabla treni haijafika.

"Treni ni konokono mwenye honi!" alinadi. "Mimi nakufikisha mjini chai yako haijapoa!"

Watu walicheka, wakapanda. Kaka yake naye alicheka, kofia ya kazi kichwani.

Baadaye treni ikawa inasimama bila mtu kushuka wala kupanda. Halafu ikapita bila kusimama. Mwisho haikuja kabisa. Popo wakahamia kwenye dari la chumba cha tiketi. Kaka na mkewe wakabaki kwenye nyumba yao, maana hakuna aliyekumbuka kuwafukuza.

Masika moja, shemeji alishikwa na tumbo. Matairi alimpakia mbele, kaka yake akamshika mabegani, wakaondoka mbio kwenda hospitali ya mjini. Mtoni wakakuta daraja la magari limekwenda na maji. La reli, pale pembeni, lilikuwa limesimama imara.

Wakambeba kwa shuka, wakikanyaga taruma, zile mbao za reli, moja baada ya jingine, maji yakinguruma chini. Walipofika ng'ambo alikuwa ameshakata roho.

Kaka alimfunika uso. "Saa hizi treni ya mchana ingekuwa imeshamfikisha," alisema. Hakuwa anamsema mtu, lakini Matairi aligeuka kulitazama lori lake lililobaki ng'ambo ya pili.

Matanga yalipokwisha alimfuata kaka yake jikoni, akamkuta anahangaika kuwasha moto kwa kuni mbichi.

"Kaka, stesheni niliifunga mimi. Nitukane basi."

"Nikutukane nini?" Kaka alipuliza moto, macho yakamtoka machozi ya moshi, au si ya moshi. "Abiria wako wa kwanza unamkumbuka?"

Matairi alimkumbuka vizuri: shemeji, na kikapu chake, amekaa mbele kama bibi harusi.

"Mimi ndiye niliyemwambia apande. Watu walikuwa wanaliogopa lori lako. Nilisema wakimwona mke wa stesheni masta humo, watapanda wote. Nilitaka mdogo wangu apate riziki." Akaangusha kuni. "Sasa mimi nani atanitukana?"

Matairi alikuja akitafuta adhabu, akakuta mzigo ule ule umebebwa na mwenzake. Haukupungua hata kidogo. Alichuchumaa, akachukua zile kuni, akaanza kuzipasua ndogo ndogo ili zishike moto.